Usiku Shujaa wa Jua Huwa Nani?

Jioni moja tulikuwa Ziwani, katika Wilaya ya Mtwara, tumeketi barazani pamoja na wazee tukingojea adhana ya magharibi. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya mikorosho, na upepo wa bahari ulikuwa umeanza kupoa. Mara wakapita watoto wakitoka katika banda la sinema, kila mmoja amejifunga kanga ya mama yake shingoni kama joho, wakibishana kwa sauti kubwa. Walikuwa wametazama picha ya shujaa wa kigeni ambaye huruka angani, huinua magari kwa mkono mmoja, na ambaye risasi zikimpiga humdunda kama punje za mtama. Mkubwa wao alikuwa akiwafunulia wenzake siri ya mtu yule: nguvu zake zote hutoka katika jua. Akiota jua hashindiki. Akinyimwa jua hulegea kama mgonjwa wa homa.

Mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa akikimbia ili asiachwe nyuma, akauliza: "Sasa usiku huwa nani?"

Wenziwe wakamcheka. Mzee mmoja pale barazani hakucheka. Alimwita, mtoto akaja, akaamkia kwa adabu: "Shikamoo, babu." Mzee akaitika: "Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ni la mtu mzima. Ukilipatia jibu, uje utuambie na sisi."

Swali hilo tulirudi nalo mjini, na halijatuacha tangu siku hiyo. Tumeona yafaa tulitolee nafasi katika safu hii kwa kuwa linawahusu ndugu zetu wa visiwani na wa mlango wa Mto Ruvuma, ambao taa zao, simu zao na redio zao zinategemea jua. Aidha linawahusu viongozi na watumishi wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya vyombo hivyo. Kwa maana hiyo, maisha yetu mengi ya leo ni kama ya shujaa yule wa sinema. Mchana tuna nguvu. Je, usiku huwa ni watu gani?

Mashujaa na chanzo cha nguvu zao

Shujaa wa watoto wa Ziwani ana umri mkubwa kuliko wengi wetu. Superman alibuniwa na vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatokea mara ya kwanza katika kijitabu cha picha za kuchora mwaka 1938. Hapo mwanzo ilisemwa kwamba nguvu zake ni za asili ya watu wa sayari yake. Baadaye, katika hadithi za miaka ya 1960, ikaelezwa kwamba anazipata katika jua letu la manjano, na kwamba chini ya jua jekundu la kwao yeye ni mtu kama watu wengine. Mwaka 1982 akatungwa mwingine, Roberto da Costa, kijana wa Rio de Janeiro nchini Brazil mwenye damu ya Kiafrika, ambaye mwili wake hunywa mwanga wa jua na kuugeuza kuwa nguvu za misuli. Jina lake la ushujaa ni Sunspot, maana yake Doa la Jua.

Tusiwadharau watungaji hao. Sisi nasi watu wa pwani tunazo hadithi za mashujaa, na kila shujaa wetu ana chanzo cha nguvu na ana mpaka wake. Fumo Liongo alikuwa na mwili usioingiwa na silaha yoyote, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na siri hiyo aliifichua kwa mwanawe mwenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaambia watu mwaka 1904 na 1905 kwamba maji yatazigeuza risasi za Wajerumani. Alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905, lakini vita vya Majimaji viliendelea bila yeye, vikafika hata Masasi katika mkoa wetu huu. Maji hayakuzuia risasi. Lakini makabila yaliyokuwa hayajapata kusimama pamoja yalisimama pamoja. Kwa hiyo wazee wetu walijua jambo ambalo watoto wa banda la sinema wanaanza kulijua: ukitaka kumfahamu shujaa, usimtazame anavyopiga tu. Uliza nguvu zake zinatoka wapi, zinawekwa wapi, na zinakatika kwa jambo gani.

Jua lenyewe na tabia zake

Sasa tumtazame huyo mwenye kugawa nguvu, yaani jua. Tulipokuwa watoto chuoni tulisomeshwa sura ya Kurani iliyopewa jina la jua, nayo hufunguliwa kwa kiapo. Tulipoingia shule ya Serikali, mwalimu akatufundisha kwamba jua ni nyota, na kwamba nyota hiyo haitulii. Mafunzo hayo mawili hayakugombana vichwani mwetu. La kwanza lilitufundisha heshima, na la pili lilitufundisha kupima.

Watu wa pwani wamelipima jua tangu zamani. Saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa kuchwapo usiku na kuchapo siku, na adhuhuri huingia jua linapopinduka. Hapa Mtwara, kwa kuwa tuko karibu nyuzi 10 kusini ya Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Februari na tarehe 21 Oktoba. Siku hizo, adhuhuri, kivuli cha mlingoti hukusanyika chini ya mlingoti wenyewe. Chumvi yetu hukaushwa kwa jua, mwani na dagaa huanikwa juani, na korosho huanikwa juani kabla ya kwenda ghalani. Kabla hatujasikia habari za umeme wa jua, tulikuwa tayari tunakula kwa jua.

Lakini uso wa jua una madoa, nayo huongezeka na kupungua. Aliyeligundua jambo hilo hakuwa mkuu wa chuo kikuu. Alikuwa muuza dawa wa Dessau huko Ujerumani, Heinrich Schwabe, aliyeyahesabu madoa hayo kila siku yenye anga safi kwa muda wa miaka 17, kisha mwaka 1843 akatangaza kwamba yanakuja na kuondoka kwa zamu. Leo tunajua kwamba zamu hiyo huchukua takriban miaka 11. Zamu tuliyo nayo, ya 25 tangu hesabu ilipoanzishwa, ilianza Desemba, 2019, na mwaka 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia katika kilele chake.

Madoa yanapokuwa mengi, jua hulipuka mara kwa mara na kutupa angani mawingu ya chembe zenye umeme. Wingu kama hilo likiielekea dunia, husukasuka sumaku ya dunia, na hiyo ndiyo dhoruba ya jua. Mlipuko ulioonwa na Richard Carrington huko Uingereza tarehe 1 Septemba, 1859, ulifuatwa na dhoruba iliyozitia wazimu nyaya za simu za maandishi Ulaya na Amerika. Mafundi wengine walipigwa na umeme mezani pao. Tarehe 13 Machi, 1989, dhoruba nyingine iliuzima umeme wa jimbo la Quebec huko Canada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9. Mwezi Februari, 2022, kampuni moja ya Marekani ilirusha setilaiti 49 kwa mkupuo mmoja, na karibu 40 kati ya hizo zikaanguka na kuungua, kwa sababu dhoruba ya jua ilikuwa imeipasha joto hewa ya juu na kuifanya nzito.

Sisi wa ukanda wa joto tuko mbali na ncha za dunia, ambako dhoruba hizo huuma zaidi. Hata hivyo hatukuachwa kabisa. Hewa ya juu sana, ambayo hurudisha mawimbi ya redio ya masafa mafupi, huchafuka jua likilipuka, na stesheni iliyokuwa ikisikika vizuri mchana hufifia ghafla kwa dakika kadhaa au kwa saa nzima. Tena, katika miaka ya madoa mengi, baada ya jua kuchwa, mawimbi ya setilaiti hutikisika yanapopita juu ya ukanda wetu, na chombo cha GPS kinaweza kumwonyesha mvuvi mahali asipokuwapo. Kwa hiyo tunawaasa manahodha wetu wasiitupe dira, wala wasizisahau nyota na alama za pwani walizofundishwa na baba zao. Kifaa kipya ni msaidizi mwema, lakini hakifai kuachiwa usukani peke yake.

Lawama isiyo ya jua

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji atusikilize kwa makini. Mtu akisikia habari za madoa na dhoruba huenda akafurahi kwamba amepata wa kumtwika lawama. Tutoe mfano. Ijumaa, tarehe 10 Mei, 2024, dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu Oktoba, 2003. Siku mbili baadaye, Jumapili ya tarehe 12 Mei, intaneti ilizorota katika Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Ilikuwa rahisi sana kuyaunganisha mambo hayo mawili na kusema: jua limetukatia mawasiliano. Lakini sivyo. Mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Tatizo lilikuwa baharini, mahali ambapo meli ya mafundi inaweza kufika na kufunga waya.

Ndugu zetu wa Unguja wanalo somo chungu zaidi. Mwaka 2008 kisiwa hicho kilikaa gizani kwa takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba, 2009, kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Bara. Visima vilikosa pampu, hoteli zilitumia jenereta, na akina mama walirudia kuni na makaa. Siku zote hizo jua la Unguja lilichomoza na kuchwa kama kawaida yake. Waliokuwa na paneli juu ya mapaa na betri njema ndani ya nyumba waliwasha taa. Wengine waliutazama mchana mweupe ukipita bila kuwa na chombo cha kuukinga.

Kuna kipimo kimoja ambacho tungependa kila mwenyekiti wa kijiji akifahamu. Mwanga wa jua unaoifikia dunia, kabla ya kuingia hewani, ni takriban wati 1,361 kwa kila mita mraba. Katika zamu nzima ya miaka 11, kutoka madoa machache hadi madoa mengi, kiasi hicho hubadilika kwa takriban sehemu 1 tu katika 1,000. Hakuna taa ya kijijini inayoweza kulitambua badiliko hilo. Wingu moja la masika hupunguza nguvu ya paneli kuliko madoa yote ya jua yakikusanywa pamoja. Vumbi nalo hupunguza, na kinyesi cha ndege kadhalika. Basi mtu akituambia kwamba taa ya zahanati imezimika kwa sababu jua la siku hizi limepungua nguvu, tumwombe ngazi, tupande, tutazame.

Tuliyoyaona kisiwani

Maneno hayo ya jua kupungua nguvu hatukuyatunga. Tuliambiwa hivyo katika kisiwa kimoja cha pwani yetu, ambacho hatutakitaja kwa kuwa aibu yenyewe ni yetu pia. Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo tulikuwa tumehudhuria sherehe katika kisiwa hicho hicho. Zahanati ilikuwa imefungiwa paneli nne, betri nne, taa katika chumba cha kujifungulia na jokofu dogo la kuhifadhia chanjo. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, ngoma zikachezwa, tukala pilau na samaki wa kupaka. Nasi tulisimama mbele ya wananchi tukasema kwamba giza limeaga kisiwani. Hakuna aliyeuliza siku ile betri zitakwisha lini, na nani atanunua nyingine. Sisi hatukuuliza.

Tuliporudi tulimkuta mkunga amekaa kizingitini akisugua glopu ya kibatari. Alitueleza kwamba taa zilianza kufifia katika mwaka wa tatu, na katika mwaka wa nne zikazimika kabisa. Chanjo, ambazo hazina budi kuwekwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, zilikuwa zikiletwa kwa mashua ndani ya sanduku la barafu siku ya kliniki, na bahari ikichafuka siku hiyo watoto hurudi nyumbani bila kuchanjwa. Wiki mbili kabla ya sisi kufika, mama mmoja alijifungua usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, nayo simu ilikuwa imebakiwa na chaji ya mwisho. Mama na mtoto walisalimika kwa rehema za Mungu na kwa ustadi wa mkunga. Hawakusalimika kwa maandalizi yetu.

Tuliuliza sababu. Mwananchi mmoja alisema jua limechoka. Mtumishi mmoja akasema, kwa lugha ya kitaalamu zaidi, kwamba ni mabadiliko ya jua. Wa tatu akasema barua imekwisha andikwa. Kila mmoja alijibu kwa unyofu, wala hakuna aliyekuwa amekifungua kisanduku cha betri.

Aliyekifungua alikuwa mama wa makamo kutoka kijiji cha jirani, aliyeitwa kwa sababu alikuwa amejifunza ufundi wa umeme wa jua. Alikuja kwa ngalawa na mfuko wa bisibisi. Alipanda ngazi akafuta paneli kwa kitambaa chenye maji baridi, na kitambaa kikarudi cheusi. Akashuka, akapima waya kwa mita yake, na mita ikaonyesha zaidi ya volti 18. Akamgeukia mwenyekiti, akamwambia: "Mwenyekiti, jua halina kosa. Limefika mpaka hapa kwenye waya. Ni sisi tuliolifungia mlango."

Kosa lilikuwa dogo na la aibu. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula vichwa vya nyaya mpaka vikageuka kijani. Fyuzi moja ilikuwa imeungua. Betri mbili kati ya nne zilikuwa zimekauka kwa sababu hazikuongezwa maji ya betri tangu siku ya utepe, na hizo hazikuwa na tiba. Mama yule alikwangua kutu, akabadili fyuzi, akaziunganisha betri mbili zilizobaki, akazipaka mafuta ya mgando vichwani ili kuzuia chumvi. Jioni ile taa ya chumba cha kujifungulia iliwaka. Jokofu halikuwaka, kwa maana betri mbili hazikuweza kulibeba. Lilingoja miezi mingine mingi.

Mashujaa walio karibu nasi

Mkoa wetu haukosi watu wa aina ya mama yule. Mwaka 2011 wanawake wa vijijini kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi walikuwa miongoni mwa waliopelekwa Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, kwenye chuo cha Barefoot kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Chuo hicho hakidai cheti cha shule. Huwapokea hasa mama na bibi za watu, wengine wasiojua kusoma, huwaweka miezi sita, na kuwafundisha kwa rangi, ishara na vitendo jinsi ya kuunganisha mitambo midogo ya jua na kuitengeneza inapoharibika. Mwaka 2015 chuo cha namna hiyo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja, ili akina mama wa nchi yetu wasilazimike kuvuka bahari.

Yasemekana wapo waliouliza, hapo mwanzo, kwa nini wasipelekwe vijana wenye elimu. Jibu la chuo lilikuwa jepesi, nalo ni la kweli hata hapa kwetu. Kijana akipata ufundi hukimbilia mjini. Bibi mwenye wajukuu hubaki kijijini, na ujuzi hubaki pamoja naye. Utaratibu wao una jambo la pili lenye hekima. Kabla ya mtambo kufungwa, kijiji huunda kamati, na kila nyumba hukubali kutoa kila mwezi kiasi kinacholingana na kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa. Fedha hizo humlipa fundi na kununua vipuri. Huo ni ujamaa na kujitegemea bila hotuba ndefu.

Akina mama hao ndio mashujaa wa jua tunaowajua sisi. Hawaruki angani, hupanda ngazi. Nguvu zao zinapanda na kushuka kwa jua kama za yule wa sinema, lakini wanajua kwa nini zinashuka, na wanajua la kufanya.

Tunayoyapendekeza

Hatupendi kumaliza kwa kulaumu tu, na lawama za kwanza tumekwisha jitwika wenyewe. Yapo mambo manne ambayo yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mtambo wa jua katika zahanati, shule na ofisi ya kijiji uwe na daftari. Ndani yake iandikwe siku uliyofungwa, aina ya betri, na mwaka betri hizo zinapotazamiwa kwisha. Paneli njema huishi miaka 20 hata 25, lakini betri za risasi na asidi huishi kwa kawaida miaka 3 hadi 5. Anayepokea mtambo bila kuweka fedha za betri amepokea taa ya miaka minne. Maofisa wa wilaya wasikubali kuukabidhi wala kuupokea mtambo usio na fungu hilo katika makisio.

Pili, wananchi wajiwekee akiba. Kijiji chenye nyumba 60, kila nyumba ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, hupata shilingi 60,000, sawa na shilingi 720,000 kwa mwaka, na shilingi 2,160,000 kwa miaka mitatu. Betri zikifa, kijiji hakisubiri barua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kiwe na mweka hazina mwaminifu na hesabu zinazosomwa mkutanoni mbele ya wote.

Tatu, utunzaji usiwe siri ya fundi. Katika pwani yetu paneli ielekee kaskazini, ilale kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15, isifunikwe na kivuli cha mwembe hata kidogo. Ifutwe kwa maji matamu asubuhi kabla haijapata moto. Vichwa vya betri vipakwe mafuta ya mgando kwa sababu ya chumvi. Maji ya betri yatazamwe kila mwezi, na betri isitumiwe mpaka ikaisha, bali isishuke chini ya nusu. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuyajua mambo hayo, na tungefurahi kama walimu wangewafundisha.

Nne, mafundi wanawake waliokwisha pata mafunzo watambuliwe na wapewe kazi. Si haki mama aliyevuka bahari kwenda kusoma awe anakaa kwake akiuza vitumbua, huku zahanati ya kijiji cha pili iko gizani ikingoja fundi kutoka mjini. Kila halmashauri iwe na orodha yao, iwalipe nauli ya mashua na ujira wao, na iwawekee mahali pa kupatia fyuzi, nyaya na vidhibiti vya chaji bila kusafiri mpaka Dar es Salaam.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo. Mwezi Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija, wananchi wa Mtwara walitahadharishwa waondoke sehemu za hatari na kujisitiri. Kimbunga hicho kiligeukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikatua tarehe 25 Aprili na kuleta maafa makubwa kwa jirani zetu. Siku kama ile kisiwa kinapewa habari kwa redio na kwa simu. Redio isiyo na umeme haisemi, na simu isiyo na chaji haisikii. Waya mmoja ulioliwa na chumvi waweza kuwa ndio tofauti kati ya kijiji kilichosikia na kijiji ambacho hakikusikia.

Turejee sasa kwa mtoto wa Ziwani na swali lake. Wahenga walisema mchumia juani hula kivulini, na tunadhani ndani ya maneno hayo limo jibu tunalolitafuta. Usiku shujaa wa jua huwa ni yule yule wa mchana, ikiwa mchana aliweka akiba, alikitunza chombo cha kuiwekea akiba hiyo, na alimfundisha mwenziwe kukitengeneza. Asipofanya hivyo, jua likichwa huwa ni mtu aliyejifunga kanga shingoni.

Tunakusudia kurudi Ziwani kabla ya mvua za masika. Tutamtafuta mtoto yule tumpe jibu hilo mbele ya babu yake, naye akiliona halitoshi atuambie. Kisha tutamwomba atupeleke, jua likishachwa, mpaka kwenye zahanati ya karibu, tukaitazame taa yake.